Kwenda Mbuyuni Kununua Mahitaji ya Mtori

Nimefundisha mapishi ya asili mjini Moshi kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini mtori wa mtu, ile supu nzito ya ndizi na nyama ya Wachagga, umekuwa mwepesi, au una utamu usioeleweka, ilhali alifuata maelekezo yote ya jikoni. Jibu langu huwa lile lile: turudi sokoni. Mtori una mahitaji machache mno, yaani ndizi, nyama yenye mifupa, vitunguu, karoti, maziwa au siagi, na chumvi, kwa hiyo hauna mahali pa kuificha ndizi mbaya. Uzito wake hutokana na wanga wa ndizi, na mpishi anayelazimika kutia unga ili supu ishike alikwisha kukosea tangu alipokuwa akichagua mkungu.

Hupenda kufika Soko la Mbuyuni mapema, wakati akina mama wanaoshuka kutoka vijiji vya mlimani wanapopanga ndizi zao. Kwa mila za Wachagga, ndizi za kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba, zilikuwa mali ya mama wa nyumba kama kahawa ilivyokuwa ya baba, na hata leo anayekuuzia mara nyingi ndiye aliyeupalilia mgomba huo na kuutilia samadi. Naamkia kwanza, "Shikamoo mama, habari za nyumbani?", kisha nasema ninachokwenda kupika kabla sijauliza bei. Naye huitikia, "Marahaba mwanangu," na akisikia ni mtori hunionyesha mshare moja kwa moja.

Mshare ndiyo ndizi ya mtori. Ikichemka hulainika yote kwa pamoja, na ukiipekecha hugeuka uji laini usio na mabonge. Mzuzu ni mtamu na mgumu, nao unafaa zaidi kukaangwa au kuchomwa. Kisukari na malindi ni ndizi za kula zikiiva. Ndizi za Bukoba hupikika vizuri, na wako wanaozitumia kwa mtori, lakini kwa ulimi wangu ladha yake ni nyingine, na mgeni anayetaka kujua mtori wa Kilimanjaro ulivyo hasa nisingempa hizo kwanza.

Aina ikishapatikana, linabaki jambo gumu zaidi, nalo ni ukomavu. Ndizi changa ina pembe kali ukipitisha kidole kwenye ganda lake, hutoa utomvu mwingi mweupe ukiikwaruza, na ndani yake ni nyeupe. Mtori wake huwa na ukakasi na hauna uzito, kwa sababu wanga haujajaa. Ndizi iliyokomaa imejaa na kuviringana, pembe zake zimefifia, na ndani ina rangi ya maziwa ya mtindi iliyoelekea kidogo kwenye unjano. Hiyo ndiyo unayoitaka, ili mradi bado ni ngumu na ganda lake ni la kijani kibichi. Ganda likianza kupauka, wanga umekwisha kuanza kugeuka sukari, na hapo ndipo ule utamu usioeleweka unapotokea. Wanga huvimba ndani ya maji ya moto, kwenye nyuzi joto 70 hivi, na kuufanya mchuzi ushike; sukari huyeyuka tu, haishikishi kitu.

Tazama pia mahali mkungu ulipokatwa. Kikonyo kilichokauka na kusinyaa kinaonyesha kwamba mkungu umekaa siku kadhaa. Bonyeza vidole vya katikati ya chane, maana ndizi zilizorundikwa kwenye gari huchubuka kwa ndani, na sehemu hizo hubaki kama vipande vyeusi ndani ya supu hata upekeche namna gani. Kwa familia ya watu sita mimi hununua ndizi 12 za ukubwa wa kati kwa kilo moja ya nyama, na wakati wa kiangazi, ndizi zinapokuwa ndogo, naongeza tatu au nne.

Baada ya ndizi naenda bucha. Natafuta kwanza muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga, na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Usinunue steki kwa ajili ya mtori. Omba mchanganyiko wenye kidari, mbavu na mfupa wa uboho, kwa kuwa mishipa na gegedu zikichemka taratibu kwa saa mbili huyeyuka na kuipa supu utelezi ambao mnofu mtupu hauwezi kuutoa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe hakumruhusu mtu mwingine kuninunulia mifupa. Alikwenda mwenyewe kila asubuhi na kusimama hadi mfupa ukatwe mbele yake, ili aone uboho umejaa. Nilidhani ni ukali wa bure, na leo nafanya vile vile kwa mabinti zangu.

Mboga hazina mambo mengi. Vitunguu maji viwili vigumu, karoti mbili na nyanya moja vinatosha, hivyo nunua kwa fungu na uache sado, kile kindoo cha kupimia, kwa wenye shughuli. Kitunguu saumu na tangawizi vitumike kwa uchache, kwani mtori unaonukia viungo kuliko ndizi umepoteza asili yake.

Maziwa nayanunua mwisho kabisa, ili yasizunguke nami juani. Ukifika nyumbani, zitoe ndizi kwenye mfuko na uzitenge na maembe, mapapai au ndizi mbivu, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa hewa inayoharakisha uivaji wa yale yaliyo karibu. Siku ya kupika, jipake mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usikugande, uzitumbukize ndizi kwenye maji kadiri unavyozimenya zisibadilike rangi, na upike ndani ya siku mbili tangu ulipozinunua.