Eti Wajerumani walikuja kukomesha utumwa?

Hii kauli naisikia mpaka leo, tena kwa watu waliosoma vizuri tu, kwamba sababu kubwa ya wakoloni kuja huku ilikuwa kututoa kwenye utumwa. Angalieni tarehe jamani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 kwa shinikizo la Uingereza (hilo ni kweli, tusilifiche), miaka zaidi ya kumi kabla Carl Peters, Mjerumani aliyekuja kutafutia taifa lake koloni, hajafika Usagara (huko bara). Mjerumani alivyoshika bara hakupiga marufuku kumiliki mtumwa, alichofanya ni kutoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, wazazi wao wakabaki vilevile, mpaka Mwingereza alipofuta kabisa 1922. Kama utumwa ndo uliwaleta, hiyo miaka yote walikuwa wanangoja nini?

Walichofuata kipo kwenye mkataba wa Peters na Mangungo, mtawala wa Msovero huko Usagara, Novemba 29, 1884. Umeandikwa Kijerumani, na unasema Mangungo anatoa eneo lake lote litumike kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Ni ardhi hiyo. Peters alishaishi London, akaona utajiri na sifa ya himaya ya Mwingereza, akataka na taifa lake lipate. Wapo wamisionari walioamini kwa moyo mmoja kwamba wanaokoa watu, sikatai, ila wao sio waliochora mipaka.

Na hiyo mipaka nayo, watu wanasema ilikatwa yote Berlin mezani. Hapana. Mkutano huo wa Berlin wa mataifa makubwa ulibishania zaidi biashara ya Kongo na Niger pamoja na masharti ya kushika pwani, ukaisha Februari 26, 1885, na kesho yake tu kampuni ya Peters ikapewa hati ya ulinzi ya Kaizari (mfalme wa Ujerumani). Mpaka kati ya Mwingereza na Mjerumani huku kwetu ulikuja 1886, kwa makubaliano yao wawili.

Halafu ile ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya bethdei, ndo maana eti mpaka umepinda pale mlimani, nayo tuiache. Mjukuu mwenyewe, Wilhelm wa Pili, alikuja kuwa Kaizari 1888, na mstari ushapinda tayari. Ulipinda kwa sababu mwenzake Peters, Karl Jühlke, alishaweka mkataba na Mangi (chifu wa Wachaga) Rindi wa Moshi 1885, Mjerumani akaung'ang'ania mlima, Mwingereza yeye akabaki na Mombasa.