"Fundi, Si Iko Kwenye GPS?"

Wiki iliyopita nahodha mmoja aliniletea plota yake, ile skrini ya ramani na GPS ya boti, ameing'oa na nyaya zake zote. Boti ilikuwa imepanda fungu la mchanga usiku, akiingia mlango wa Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, maji yakiwa yanakupwa. Alitaka kujua kipima kina kilikuwa kinasoma mita ngapi dakika kumi kabla. "Fundi, si iko kwenye GPS?"

Haimo. Na swali hili naulizwa kuanzia Kilindini hadi Mtwapa, hadi limenichosha. Ule mstari unaouona kwenye skrini ni njia uliyopita, basi. Plota nyingi huweka nukta kila baada ya muda au umbali fulani, na kumbukumbu ikijaa, nukta za zamani hufutwa kupisha mpya. Kina, upepo na uelekeo wa dira kwa kawaida huonekana kwenye kioo kisha vikapita zake. Yule nahodha sikuweza kumwambia kama kipima kina kilikufa au kilikuwa kikimwonya.

Kurekodi ni kazi ya kifaa kingine, kirekodi: kuchukua sentensi za NMEA 0183, lugha ambayo vifaa vya boti huzungumziana, kama zinavyotoka kwenye waya na kuziandika kwenye kadi ya kumbukumbu, zote, bila kuchuja. Sentensi inayoanza na $GPRMC ina mahali, mwendo na saa. $SDDBT ina kina. Na nyuma ya nyota mwishoni kuna tarakimu za kuhakiki kwamba sentensi imefika nzima. Usimwachie mtu akuchagulie "zile muhimu tu". Kina cha usiku ule nacho kilionekana si muhimu hadi boti ilipolala ubavu.

Eti kadi itajaa? Waya wa kasi ya biti 4800 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya herufi 480 kwa sekunde. Mchana na usiku bila kupumzika, hiyo ni kama megabaiti 41. Kadi ya gigabaiti 8 inakaa zaidi ya miezi sita.

Eti saa iliyoandikwa kwenye rekodi imeharibika? Ni saa ya UTC, saa ya kimataifa. 040000 ni saa moja asubuhi: punguza tatu, umepata saa yetu ya Kiswahili.

Eti mahali palipoandikwa 0403.500 kusini ni digrii 4.035? Hizo ni digrii 4 na dakika 3.5, yaani 4.0583. Ukikosea hapo, boti yako umeihamisha kilomita mbili na nusu kaskazini.

Eti kina huhesabiwa kuanzia uso wa maji? $SDDBT hupima kuanzia kwenye kihisi chenyewe, kilichofungwa chini ya boti. Halafu kumbuka bamvua: hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mteja: faili mpya kila saa. Ukiwasha injini, umeme wa betri hushuka ghafla, kirekodi huzimika, na faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika. Afadhali upoteze saa moja kuliko safari nzima.

Jana nimemfungia yule nahodha kirekodi chake. Waya wa kwanza kuunganisha ulikuwa wa kipima kina.