Tufundishe mwili wa kimelea kabla ya jina lake

Wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu huingia darasani kwangu wakiwa wamejiandaa kukariri. Wameambiwa na waliowatangulia kwamba mikrobiolojia ni somo la majina marefu ya Kilatini. Mimi naanzia kwingine. Kila kimelea tunachokigusa, tunakiuliza kwanza mambo mawili: mwili wake umejengwaje, na kinapitia njia gani kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kinga ni sabuni, spiriti, mvuke au dirisha lililo wazi.

Chukua kirusi cha Marburg, kilichozuka mkoani Kagera Machi 2023 na kuzuka tena mkoa huohuo Januari 2025, safari hiyo wilayani Biharamulo. Ni ugonjwa wa kutisha, lakini kirusi chenyewe kimefunikwa na utando wa mafuta, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Huu wa pili hujipenyeza kwenye utando, utando ukapasuka, kirusi kikawa hakina tena cha kuingilia kwenye seli. Aliyelielewa hili hahitaji somo jingine kuhusu sabuni na korona au Ebola, maana navyo vina utando wa aina hiyo. Ataelewa pia kwa nini kirusi cha polio, kisicho na utando, kinaistahimili spiriti zaidi.

Spiriti nayo ina swali lake: ipi inaua vimelea vizuri zaidi, ya asilimia 70 au ya 95? Karibu darasa zima huchagua 95. Kumbe maji yana kazi yake. Protini za kimelea huharibika vizuri zaidi maji yakiwepo, na spiriti yenye maji hukawia kukauka mkononi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la vidole. Tunaigawa sahani ya agari, yaani jeli ya kukuzia bakteria, sehemu nne kwa kalamu, upande wa chini. Mwanafunzi anagandamiza vidole sehemu ya kwanza kabla ya kunawa, ya pili baada ya maji matupu, ya tatu baada ya sabuni, ya nne baada ya kupaka spiriti na kuiacha ikauke. Sahani inalala kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi joto 37. Kesho yake sehemu ya nne huwa karibu tupu. Ya tatu ndiyo inayowashtua: makoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, yapo, na pengine ni mengi kuliko ya kabla ya kunawa. Wapo wanaotaka kuirekebisha ripoti ifanane na walichotarajia. Siwaruhusu, kwa sababu somo lenyewe liko hapo.

Makoloni yale madogo meupe kwa kawaida ni Staphylococcus epidermidis na jamaa zake, wakazi wa kudumu wa ngozi. Kusugua kumewalegeza pamoja na seli zilizokufa na kuwaleta juu. Sabuni huwaondoa hasa wageni, mathalani E. coli aliyetoka kwenye nepi ya mtoto, na hao ndio wanaohama kutoka kitanda hadi kitanda. Kwa hiyo muuguzi anayekwenda kumgusa mgonjwa mwingine anatosheka na sabuni au spiriti, ila anayekwenda kupasua tumbo anahitaji dawa ya kuwapunguza hata wakazi.

Bakteria wa pepopunda ni habari nyingine kabisa. Hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujihami, akakaa kwenye udongo miaka na miaka. Spiriti haimwezi, na kuchemsha vyombo si kitu cha kutegemea. Otoklevu ndiyo jibu: mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121, kwa dakika zisizopungua 15. Udongo hauingii kwenye otoklevu, ndiyo maana tunamchanja mama mjamzito na kusisitiza kitovu kikatwe kwa kifaa safi.

Kwa bakteria wa kifua kikuu swali la pili, la njia anayopitia, ndilo zito. Kweli, ukuta wake wenye nta hushikilia rangi nyekundu hata tukimwagia tindikali, na ndivyo tunavyomwona kwenye makohozi. Lakini anasafiri kwa hewa, na mikono iliyonawiwa vizuri haimzuii. Hapo natoka na wanafunzi hadi chumba cha wagonjwa wa nje, tuangalie upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Mara nyingi meza ya mhudumu iko upande upepo unakoelekea, yaani anavuta hewa iliyokwisha kupita kwa mgonjwa anayekohoa. Kuihamisha meza hakugharimu hata shilingi.

Kwenye mtihani siku hizi naandika hivi: mgonjwa aliyekohoa wiki tatu amelazwa jirani na mama aliyejifungua jana. Damu imemwagika sakafuni. Bomba halina maji, ila ipo ndoo ya maji safi, spiriti, glavu na klorini ya asilimia 3.5. Utafanya nini, kwa mpangilio upi, na kwa nini? Anayemvalisha barakoa anayekohoa, akamtenga na kufungua madirisha, kisha akavaa glavu na kufuta damu kabla ya kutia klorini, kwa kuwa damu huila klorini ikabaki haina nguvu, anapata nusu ya alama. Akichanganya sehemu 1 ya dawa na 6 za maji kupata asilimia 0.5, namwongezea. Zilizobaki zote ni za sababu alizoandika.