Uvimbe usiouma nao unaweza kuwa saratani

Wengi tumezoea kuambiwa kuwa uvimbe usiouma hauna neno. Ni kweli, mwingi ni mafuta tu. Lakini sarkoma, saratani ya tishu laini kama misuli, mafuta na neva, nayo mara nyingi haiumi. Hukua kimyakimya, hasa pajani, na maumivu huja pale inapobana neva. Uvimbe uliozidi sentimita 5, unaoendelea kukua au uliojificha ndani ya misuli upimwe, uume usiume.

Na tafadhali, usikubali uvimbe huo ukatwe harakaharaka! Huonekana umezungukwa na ganda safi, kumbe ganda lenyewe ni tishu zilizobanwa, na seli za saratani zimo humo. Daktari akiufuata huo mpaka, huziacha nyuma. Kwanza kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), kisha kinyama kitolewe kwa sindano kipelekwe maabara.