Papa wa kina kirefu na nguchiro, tuache kuwasingizia

Kuna maneno kuhusu wanyama yanarudiwa mpaka yanageuka kama kweli, na mimi yananiuma hasa kwa hawa wawili, papa wa Greenland anayeshuka mpaka zaidi ya mita 2,000 kwenye maji ya baridi kali, na nguchiro mdogo huyu wetu wa kwenye vichuguu.

Dhana: papa anazaa, kwahiyo sio samaki, ni mnyama kama nguchiro tu. Hapana jamani. Ni kweli papa wa Greenland anazaa watoto hai ila anapumua kwa mashavu na hana maziwa, mtoto akishatoka anajitegemea palepale. Nguchiro ananyonyesha, tena kwenye kundi lao hata jike ambaye hajazaa anaweza kutokwa maziwa akamnyonyesha mtoto wa mwenzake, yaani hapo ndo unaona mamalia ni nini.

Dhana: papa hana mifupa, basi ni dhaifu. Kunja sikio lako halafu uliachie, si limerudi lenyewe? Hiyo ni gegedu, na papa kajengwa nayo mwili mzima, nyepesi na inanyumbulika. Kibofu cha hewa hana, kinachomsaidia asizame ni ini kubwa lililojaa mafuta, na watu wa pwani mafuta ya ini la papa wanayajua zamani, ndo yale yanayoitwa sifa, ya kupaka majahazi.

Nguchiro nae eti ni panya. Sio panya kabisa, yuko kundi moja na paka na fisi, meno yake ya kula nyama na wadudu. Akipata yai analishika kwa miguu ya mbele, analigeuzia mgongo jiwe, analirusha nyuma katikati ya miguu mpaka lipasuke.

Ila dhana mbaya kuliko zote ni hii ya kwamba papa wapo tu, ukivua watazaliwa wengine. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya kupima lenzi za macho za papa wa Greenland 28, mkubwa wao, wa mita 5 hivi, akaonekana ana angalau miaka 272, na jike anakadiriwa kufikia umri wa kuzaa kwenye miaka 150 hivi. Nguchiro jike anaweza kuzaa mara mbili tatu msimu mmoja wa mvua. Papa jike aliyezaliwa 1900 akinaswa leo kwenye nyavu, huenda hajazaa hata mara moja.