Kwa nini ni "went" na si "goed"?

"Play" hutoa "played", "walk" hutoa "walked". Ukifika kwenye "go", ghafla unakutana na "went", neno lisilo na hata herufi moja ya mwenzake. Shuleni tulikaririshwa go, went, gone, maswali yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba "went" hatokani na "go" kabisa. Ametoka kwenye kitenzi kingine, "wend", ambacho zamani kilikuwa "wendan": kugeuka au kugeuza, kisha kushika njia kuelekea mahali. Huko kwao "went" alikuwa wa kawaida tu. "Send" ina "sent", "bend" ina "bent", "spend" ina "spent". Na "wend" ikawa na "went".

Sasa, "go" aliazima kwa nini? Kwa sababu hakuwahi kuwa na wakati uliopita wa kwake. Katika Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kwenda kulikuwa "gān", lakini "alikwenda" ilikuwa "ēode", nayo ina mzizi mwingine. Kwa hiyo "went" hakumpindua mrithi halali. Alimtoa mgeni aliyemtangulia. "Ēode" ilichakaa ikawa "yede", na katika karne ya 14 mshairi Chaucer bado aliyatumia yote mawili, "yede" na "wente". Kufikia mwaka 1500 hivi, kusini mwa Uingereza "went" ilikuwa imeshinda.

Uskoti haikufuata mkumbo huo. Huko "gae", yaani kwenda, ilitengenezewa "gaed". Hiyo ndiyo "goed" yenyewe, ile ambayo watoto wa Kiingereza huitamka wakiwa wadogo na wazazi wakacheka. Kwa maoni yangu watoto wale wanajua kanuni vizuri. Lugha ndiyo iliyoivunja.

"Wend" naye, baada ya kunyang'anywa, alijiundia "wended". Leo husikika kwa nadra, hasa mtu anaposemwa ameshika njia yake taratibu.

Mbona basi kasoro hii haikunyooshwa? "Climb" iliwahi kuwa "clomb", ikanyooka kuwa "climbed". Lakini kitenzi kinachotamkwa mara nyingi kila siku hukaa kichwani kama kilivyo, hakisubiri kanuni. Ndiyo maana vurugu hizi hupenda maneno ya kila saa: "be" na "was", "good" na "better". Kwa Kifaransa, kwenda ni "aller", lakini naenda ni "je vais" na nitakwenda ni "j'irai".

Nasi tunalo letu. Kitenzi ni kuja, ila ukimwita mtu husemi "ja", unasema "njoo", na wakiwa wengi "njooni". Ingawa ukipita mitaa ya Nairobi utasikia "kuja hapa!", na anayeitwa anakuja bila shida yoyote.