Je, wajua kwa nini kwenye mbio ndefu za farasi anayetangulia kufika anaweza asishinde?

Watu wengi wakisikia mbio za farasi za kilomita 160 kwa siku moja wanadhani ni kukimbia tu, anayekata utepe kwanza kabeba kombe, na wengine wanaamini mchezo wenyewe umetoka jangwani Uarabuni. Sio hivyo. Farasi wa Kiarabu ndio wanaotamba, hilo kweli, ila mchezo kama unavyochezwa leo ulianzia California mwaka 1955, pale Wendell Robie, mfanyabiashara wa mji wa Auburn, alipotaka kuwaonyesha waliokuwa wanabisha kwamba farasi wa siku hizi bado anaweza kuvuka milima ya Sierra Nevada, maili 100, ndani ya siku moja. Akaweza, na mbio hizo, Tevis Cup, zipo hadi leo.

Kabla yake kulikuwa na mbio za wanajeshi. Mwaka 1892 maofisa wa Ujerumani walitoka Berlin kwenda Vienna na wa Austria wakatoka Vienna kwenda Berlin, kama kilomita 580, mshindi akatumia masaa 71 hivi, farasi zaidi ya 20 wakafa. Inauma hata kusoma.

Sasa hivi njia inagawanywa vipande, na kila kipande kikiisha kuna daktari wa mifugo anasubiri. Hapa ndipo utamu ulipo: ukifika kituoni saa yako haisimami, inaendelea kuhesabu mpaka mapigo ya moyo wa farasi yashuke, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika, ndio mapumziko ya lazima yaanze. Kwa hiyo wewe umetangulia dakika 5 lakini farasi wako anachukua dakika 12 kutulia, mwenzako wa nyuma wa kwake katulia kwa dakika 3, basi mwenzako ndio anaondoka kwanza, tena dakika 4 mbele yako! Na mapigo yakigoma kushuka ndani ya muda uliowekwa, au farasi akichechemea akikimbizwa mbele ya daktari, safari imeishia hapo. Hata baada ya utepe anapimwa tena, akifeli ushindi unafutwa.

Ndio maana farasi wa Kiarabu anang'ara. Mapigo ya moyo hayashuki vizuri mwili ukiwa bado wa moto, na yeye ni mwembamba, misuli sio minene, joto linatoka haraka kama chai uliyoimimina kwenye kisosi. Sio kwamba kila farasi wa Kiarabu anaweza, mazoezi ya miaka yana sehemu kubwa, na mpandaji anayejua kumwagia farasi maji na kushuka atembee naye kwenye mteremko anaokoa dakika nyingi.

Ghuba waliupokea mchezo kwa nguvu, ubingwa wa dunia ukafanyika Dubai 1998. Ila kwenye mchanga tambarare spidi ilipanda mno, farasi wakaumia, na mwaka 2015 shirikisho la kimataifa, FEI, likaisimamisha Falme za Kiarabu kwa miezi kadhaa. Mabishano kuhusu spidi hayajaisha, na mimi niko upande wa madaktari.